Nyumba ya Uzi

Mfuko ulikuwa katikati ya miguu yake, na kila mtu aliyepita karibu alimfanya aubane kwa visigino kama mtu aliyebeba vya wizi.

"Sindano, nipe huo mfuko nikautundike," alisema mwenye nyumba kwa mara ya tatu. "Au umetuletea bomu?"

"Acha tu, Mama Pasi. Hauna uzito."

Uongo mtupu. Bega la kushoto lilikuwa bado linamuuma kwa kuubeba tangu asubuhi.

Jina lake halisi liliandikwa kwenye makaratasi ya ofisi tu. Katika chumba cha ushonaji cha hospitali, alikoanza kazi miezi mitano iliyopita, wenzake walimbatiza Sindano. Kwanza kwa wembamba wake. Pili, kama alivyopenda kueleza Bwana Stoo, "kwa sababu anapita katikati yenu kutwa nzima na hamsikii mlio." Kazi yake ilikuwa kutia viraka mashuka, kukunja mapindo ya mapazia ya wodi, na kufunga kamba mpya kwenye magauni ya wagonjwa. Mama Pasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, alisimamia mashine za kupigia pasi upande wa pili wa ukuta. Bwana Stoo, mzee wa vichekesho ambaye miwani yake ilifungwa kwa waya, alitunza mashuka na kuyajua moja moja kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake.

Na kulikuwa na Fundi.

Fundi aliitwa kutengeneza vyerehani mara mbili kwa wiki. Huo ulikuwa mwezi wa kwanza. Kufika mwezi wa tatu alikuwa anakuja kila siku, na vyerehani havikuwa vimeharibika zaidi. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa kuongea, anayekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko na kuchomeka penseli nyuma ya sikio. Alikuwa akiinama kwenye cherehani cha Sindano, anakaza hapa, analegeza pale, halafu anainua macho taratibu, na macho yale yakimpata hayaondoki upesi.

"Hivi vyerehani vina bahati," Mama Pasi alikuwa akipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta. "Mimi mashine yangu imekufa wiki mbili, hakuna hata wa kuipa pole!"

Ni Mama Pasi aliyeanzisha mambo ya Jumamosi. Kazi ikiisha mchana, wanne hao walikwenda kwake, wakavua viatu, wakanywa chai, wakapiga soga mpaka jua lipoe. Bwana Stoo aliwasomea barua za mahaba alizowahi kumwandikia marehemu mkewe. Mama Pasi aliwaimbia, vibaya lakini kwa moyo wote. Fundi aliwaletea siku moja kisanduku cha muziki alichokiunda kwa gia za vyerehani vilivyokufa, kikalia noti nne na kukwama, na wote wakacheka hadi machozi, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote.

Sindano peke yake hakuwahi kuleta kitu.

"Na wewe jioni unafanya nini?" Fundi alimwuliza siku ile, wakiosha vikombe.

"Nashona."

"Kutwa unashona, jioni unashona tena? Unashona nini?"

"Vitu vyangu."

Hakumdadisi. Alifuta kikombe, akakiweka rafuni. "Siku ukiwa tayari," alisema, "nitafurahi kuviona."

Maneno hayo Sindano alikuwa amelala nayo na kuamka nayo kwa miezi miwili. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliwahi kumwonyesha mtu mmoja kazi yake hiyo, na mtu huyo alikuwa mume wake. Aliitandaza kitandani, mikono ikimtetemeka kwa furaha. Mume aliitazama, akacheka, akawaita rafiki zake waliokuwa sebuleni. "Njooni muone, mke wangu anajenga! Anajenga nyumba ya matambara! Na choo umekishona?" Walicheka wote. Kesho yake mvua iliponyesha, Sindano aliikuta kazi yake uani imefunika pikipiki, ikiwa na doa jeusi la oili. Ndoa yao ilidumu miaka miwili mingine baada ya hapo, lakini kwa Sindano ilikwisha siku ile.

Kwa nini basi leo? Kwa sababu wiki nzima iliyopita Fundi alibadilika. Alikuja mara moja tu, akatengeneza alichoitiwa, akasema "haya, kwaherini" kwa chumba kizima, akaondoka bila kumtazama. Hata leo alikuwa ameketi karibu na mlango, kikombe mkononi, kama mgeni anayengoja kuruhusiwa kuondoka. Sindano alikuwa ameumiza kichwa usiku na mchana, akajipa jibu moja: mtu huchoka kubisha hodi kwenye mlango usiofunguliwa. Kosa ni langu, alijiambia. Nimejifungia mno.

Akapiga moyo konde.

"Mama Pasi," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Naomba tusogeze viti."

"Tusogeze viti? Tunacheza?"

"Nina kitu. Ni kikubwa, hakitoshi mezani."

Bwana Stoo alinyanyuka kwanza. Meza ilisukumwa ukutani, viti vikapangwa juu yake. Sindano alipiga magoti, akafungua mfuko, na vidole vikakataa kazi. Fundo alilolifunga mwenyewe asubuhi lilimshinda. Alilivuta, likakaza. Akahisi machozi ya aibu yakimpanda. Ndipo mikono miwili yenye harufu ya mafuta ya cherehani ilipofika pembeni ya mikono yake, ikalegeza fundo bila haraka. Fundi akarudi kusimama mlangoni.

Sindano akakitandaza.

Kilikuwa kitambaa kikubwa, karibu sakafu nzima, kilichounganishwa kwa vipande vingi, na juu yake ilitariziwa nyumba. Ilikuwa kama paa limeondolewa na mtu anachungulia kutoka juu: vyumba vyote wazi, kila kitu mahali pake. Jiko lenye ukuta mweusi wa moshi. Kiti cha baba chenye mguu uliofungwa kamba. Dirisha la chumba cha watoto na pazia lililoning'inia upande mmoja. Uani, beseni la kufulia, na mwanamke aliyeinama juu yake, mgongo tu unaonekana, na kanga yake ilikuwa imetariziwa maua madogo madogo yasiyozidi punje ya mtama.

Hakuna aliyecheka.

Bomba la uani lilisikika likidondosha. Kisha Bwana Stoo akapiga goti moja, kwa shida, akasogeza miwani.

"Ngoja kwanza. Hili si shuka la wodi ya wazazi? Nililitoa mwenyewe likawe tambara!"

"Uliniambia nichukue, Bwana Stoo."

"Nilikwambia uchukue la kufutia cherehani!" Akapitisha kidole juu ya ukuta wa jiko, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kumbe ulikuwa unajenga."

Neno lilelile. Lakini lilipotoka mdomoni mwa mzee huyu, Sindano alihisi kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwake miaka yote kikianza kulegea.

"Ni nyumba ipi hii, mwanangu?" aliuliza Mama Pasi, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

"Ya kwetu. Ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Mama hakumaliza mwaka baada ya hapo. Picha zilikuwa kwenye sanduku, sanduku likalowa mvua siku tuliyohama, zote zikagandana." Alimeza mate. "Siku moja nikajaribu kukumbuka taa yetu ilikuwa inaning'inia upande gani, nikashindwa. Nikaogopa. Ndiyo nikaanza kushona, nisije nikasahau na mengine."

Mama Pasi alikuwa tayari analia, analia kama anavyofanya kila kitu, kwa nguvu. "Yule pale kwenye beseni ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Mbona hukumpa uso?"

"Nimejaribu mara nne. Nafumua."

Wakakaa chini wote watatu, wakaizunguka nyumba ile chumba kwa chumba. Sindano aliyezoea kujibu kwa neno moja akajikuta anazungumza: huku ndiko tulikokuwa tunajificha na kaka, hapa baba aliangusha redio, huu weusi wa moshi ni doa la oili, lilikataa kutoka nikalishonea juu. Uso ulimwaka. Alikuwa amesahau kuogopa.

Mpaka kidole cha Mama Pasi kilipofika ukingoni.

"Na chumba hiki? Mbona uzi wake ni mpya?"

Sindano alijua kuwa swali hilo litakuja. Usiku alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake, na sasa jibu lilikuwa limeruka.

"Hicho," alisema, "hakijawahi kuwepo."

Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Ndani yake palikuwa na vyerehani viwili vimetazamana. Kimoja hakikuwa na mtu. Kwenye cha pili aliinama mwanamume, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na nyuma ya sikio lake, kwa uzi mmoja tu wa njano, palikuwa na penseli.

Bwana Stoo alikohoa. Mama Pasi aliziba mdomo kwa kiganja.

Fundi alikuwa amesimama. Alikitazama chumba kile kwa muda mrefu, na Sindano aliyatazama macho yake, akatafuta humo ile nuru aliyoizoea. Aliona maumivu. Kisha mwanamume yule akaweka kikombe chake kwenye ukingo wa dirisha, akafungua mlango wa nyuma, akatoka.

"Mfuate," alinong'ona Mama Pasi.

"Siwezi."

"Umeweza hili lililoko sakafuni, utashindwa hatua kumi? Mfuate!"

Alimkuta karibu na bomba, mgongo ameupa mlango, mkono mmoja umeshika kamba ya nguo kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba.

"Nisamehe," Sindano alisema. "Nilipaswa kukuomba ruhusa. Nitakifumua kile chumba, leo hii hii."

"Mumeo akikiona utamwambia nini?"

"Mume gani?"

Aligeuka. "Sindano, usinifanyie hivi. Mimi si mtoto. Unarudi kwa mumeo mwezi ujao, mmepatana, mimi nakutakia heri. Lakini usinishone kwenye kitambaa halafu ukaenda kukitandika kwa mtu mwingine."

"Nani kakwambia narudi?"

"Kaka yako."

Sindano alimsogelea hatua moja.

"Nilikwenda kwake Jumapili iliyopita," Fundi aliendelea, na sasa alikuwa anaongea haraka, kama aliyekaa na maneno hayo wiki nzima yakimchoma. "Nilitaka kufuata taratibu, nisiwe mtu wa kukuvizia vichochoroni. Nikaingia pale kinyozini kwake, nikakaa kwenye kiti, nikasubiri anifunge kile kitambaa shingoni. Nikamwambia, nampenda dada yako, nataka kuja na wazee wangu. Wembe uko hapa." Akagusa koo. "Akamaliza kuninyoa vizuri tu, akanipangusa nywele, akasema, 'Umechelewa, bwana. Dada yangu amepatana na mumewe.' Akakataa hata hela yangu."

"Ni uongo." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Huyo mtu sijamwona mwaka wa pili huu. Ni uongo, Fundi. Wallahi ni uongo."

Alitarajia uso wa Fundi ufunguke. Badala yake aliuona ukivunjika.

"Jumatatu," alisema polepole, "hospitali walikuwa wananipa kazi ya kudumu. Ile nafasi ya fundi mkuu. Niliikataa. Nilijiuliza, nitawezaje kukuona kila siku ukiwa mke wa mtu? Kulikuwa na kiwanda cha nguo huko ng'ambo kilichonitafuta tangu zamani, nikakiweka kando kwa ajili yako. Jumanne nikaenda kwa wakala wao, nikatia saini. Miaka mitatu."

"Rudi hospitalini. Waambie umebadili mawazo."

"Alhamisi wamempa mtu mwingine. Nimemwona kwa macho yangu amevaa koti."

"Basi vunja huo mkataba!"

"Mama yangu yuko kwenye bima ya kiwanda. Ameshaanza kusafishwa figo, Jumatano na Ijumaa. Nikivunja leo, Jumatano ijayo hasafishwi." Alimtazama kama mtu anayeomba aambiwe alipokosea. "Naondoka Jumatatu saa nne."

Walisimama pale, bomba likidondosha kati yao. Mkono wa Fundi uliinuka kuelekea shavuni kwake Sindano, ukasita, ukashuka.

"Ungenionyesha wiki mbili tu nyuma," alisema, na papo hapo akajuta. "Samahani. Si kosa lako."

Lakini lilikuwa limeshasemwa, na Sindano alilipokea kwa sababu ndilo lilelile alilokuwa anajiambia.

*

Kaka yake alikuwa anafagia nywele alipoingia. Jua lilikuwa linakaribia kuzama na wateja walikuwa wameisha. Alimwona uso, akaacha ufagio.

"Nani kakufanya nini?"

"Wewe."

Alielewa mara moja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, akajitazama kwenye kioo na kuyakwepa macho yake mwenyewe.

"Nilikuchukua getini kwa yule mtu ukiwa na kilo arobaini," alisema. "Unakumbuka? Nilikulisha uji kwa kijiko. Wifi yako alikuwa anakaa macho kuangalia kama unapumua. Mwaka mzima, dada yangu! Halafu anakuja mwanamume mwingine, anatabasamu, ananiambia anakupenda. Na yule wa kwanza si alisema hivyo hivyo? Kwenye kiti hiki hiki?"

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu nini? Wewe hujibu. Unajifungia chumbani na vitambaa vyako, nakusikia unakata uzi, sijui unashona nini, sijui unafikiri nini. Niliogopa."

Sindano alikuwa amejiandaa kumtukana. Njia nzima alikuwa ametafuta maneno makali kuliko wembe wake. Akamwona kaka yake alivyokunja mabega, akakumbuka kijiko kile, na maneno yakamwishia nguvu.

"Ulinifufua, kaka," alisema. "Mbona ukanizika tena?"

Mwanamume yule alifunika uso kwa mikono yenye vumbi la nywele. Baadaye, bila kuinua kichwa, alisema, "Kesho nipeleke kwake. Nitapiga magoti mbele ya mama yake. Nitasema nilidanganya. Labda kuna namna."

"Labda," alisema Sindano, maana ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

*

Mama yake Fundi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono umefungwa bendeji mahali mipira ya mashine ya figo ilipoingia, miguu juu ya stuli. Sanduku la safari lilikuwa wazi mlangoni. Kaka alisema aliyokuja kuyasema, kwa kigugumizi, kichwa chini. Fundi alimsikiliza akiwa amesimama.

"Yamekwisha, kaka," alisema mwishowe. Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Sindano zaidi. Mtu mwenye hasira bado ana tumaini.

Kaka akatoka nje akisema anahitaji hewa.

"Na huyu ndiye?" aliuliza mama. "Sogea, binti. Mwanangu jana amerudi hakula. Kaniambia kuna mwanamke amemshona. Nikamwambia homa imempanda."

Sindano alikuwa na kitambaa chake. Alikichukua asubuhi bila kujua kwa nini, na sasa alikitandaza juu ya magoti ya yule mama, kikateremka hadi sakafuni. Mikono haikumtetemeka. Jambo lililomtesa miaka lilikuwa limegeuka kuwa jepesi, na lilikuwa halimsaidii chochote.

Mama alikitafuta chumba kile hadi akakipata.

"Nywele umempa nyingi," alisema. "Huyu kama baba yake, ana kiwaraza kinakuja." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Alipotulia aliendelea kukipapasa kitambaa. "Unajua, tangu wameanza kunisafisha nimelala usingizi. Usiku mzima! Ijumaa nimeamka asubuhi nikaona vifundo vya miguu yangu, nikamwita mwanangu aje avione. Nilikuwa nimesahau kama nina vifundo." Alifumba macho. "Lakini mimi nimeshaishi. Mkiwa na lenu la kuamua, amueni. Msiniweke kwenye mizani."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Na hapo Sindano akajua kuwa mlango wa mwisho umefungwa, na aliyeufunga hakuwa na habari.

Dakika chache baadaye mama alikuwa amesinzia, mkono wenye bendeji juu ya nyumba ile. Kuichukua kungemwamsha. Sindano aliiacha.

Fundi alimsindikiza hadi getini. Kaka alikuwa ng'ambo ya barabara, amewapa mgongo, anasoma tangazo la ukutani ambalo hata mtu asiyejua kusoma angekuwa amelimaliza.

"Sindano."

"Naam."

"Niangalie." Akamwangalia. Yalikuwa macho yaleyale ya kwenye cherehani, yaliyokuwa yakimpata na kutoondoka. "Sema nibaki. Neno moja. Ukisema nibaki, nabaki, hayo mengine nitajua mimi."

Lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Alikuwa amekuja nalo toka nyumbani. Jana alijifunza kwamba anaweza kufungua mdomo na kuonyesha kilicho ndani yake, na dunia isicheke. Angeweza kulisema. Aliiona nguvu ya kulisema ikiwa imekaa ndani yake, nzima, mpya. Kisha nyuma ya bega la Fundi aliona dirisha, na kwenye dirisha kichwa cha mama kilichoinama, na vifundo viwili vya miguu juu ya stuli.

"Koti umeweka?" aliuliza. "Huko kuna baridi."

"Nimeweka."

"Na soksi."

"Na soksi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyepokea maagizo. Midomo ilimcheza. Alikuwa anataka kuomba jambo, asubiriwe pengine, na Sindano alilingoja kwa roho mkononi. Lakini Fundi alikuwa mtu muungwana. Miaka mitatu ya mtu hakuweza kuiomba.

"Basi," alisema.

"Basi."

Akarudi ndani. Sindano alisikia mlango, kisha mlio wa sanduku likifungwa, likikataa, likikandamizwa kwa goti.

Kaka alivuka barabara. "Amesemaje?"

"Amesema saa nne."

"Na wewe umesemaje?"

Alitaka kujibu, magoti yakamwishia. Kaka alimdaka chini ya kwapa kama alivyomdaka getini mwaka ule, akamweka sawa, na akagundua kuwa mikono yake mwenyewe inatetemeka kuliko ya dada yake. Wakaanza kutembea hivyo, wameshikana, wakipita maduka yaliyofungwa kwa Jumapili, na mtu aliyewaona kwa mbali asingeweza kusema ni yupi anayemsaidia mwenzake kufika nyumbani.